Kununua Motokaa: Maneno ya Mdomo na Maneno ya Karatasi

Wasomaji wa gazeti letu, mwalimu wa Kiswahili ameniomba niandike somo juu ya sheria ya kuuza na kununua. Asema wanafunzi wa biashara hulisoma jambo hili kwa Kiingereza tu, na wakirudi nyumbani hawawezi kumweleza mzazi neno hata moja. Nimekubali, lakini sitaanza na sheria. Nitaanza na mambo yaliyotupata sisi wenyewe, kwa kuwa mimi nilikuwamo, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Januari 2019 nilikuwa nyumbani Bwera, nimemaliza kidato cha nne, nangoja majibu ya mtihani. Mjomba wangu alikuwa ameuza kahawa yake, na juu ya hiyo alikuwa amekopa fedha katika chama cha akiba. Alitaka motokaa ya kupakia abiria kati ya Bwera na Kasese. Njia hiyo kila mmoja wetu anaijua: unatoka Bwera, unapita Kinyamaseke, unaingia njia kuu pale Kikorongo, halafu mji wa Kasese huu hapa. Watu ni wengi njiani, na hasa siku za soko la Mpondwe mwenye gari hakosi abiria. Mjomba alipiga hesabu zake, akaona kwamba deni litakwisha kwa mwaka mmoja na nusu. Akanichukua niende naye kununua, kwa sababu moja tu: katika ukoo mimi ndimi niliyejua Kiingereza.

Sitautaja mji tuliokwenda, wala mwenye duka. Mahali penyewe ni pale ambapo sisi Uganda tunapaita bondi, yaani uwanja wenye ua, magari yaliyokwisha tumika Japani yamepangwa ndani, mengine ushuru wake haujalipwa bado. Mwuzaji alitupokea vizuri sana, akatupa soda, akamwita mjomba "mzee" kila neno la pili. Alituonyesha Toyota Premio ya mwaka wa 2004, nyeupe, imeoshwa hata tairi zinang'aa.

"Mzee," alisema, "hii imetembea kilomita 68,000 tu. Tazama mwenyewe hapa mbele. Utatia mafuta na kwenda, basi."

Mjomba akauliza, "Naweza kumleta fundi wangu kesho aitazame?"

"Kesho? Mzee, kuna mtu wa Fort Portal anakuja saa nane kuilipia. Mimi nakuonea huruma wewe uliyetoka mbali."

Baadaye nilijifunza kwamba mtu huyo wa Fort Portal yumo katika kila bondi, na kila siku anakuja saa nane.

Karatasi ya mapatano ilikuwa kurasa mbili za Kiingereza. Mjomba akanipa akasema, "Soma, mpwa wangu, uniambie." Watu walikuwa wakitutazama. Nilisoma majina, nikasoma bei, shilingi milioni 26, nikasoma namba ya bodi. Katika ukurasa wa pili palikuwa na maneno madogo: kwamba motokaa inauzwa kama ilivyoonwa, na kwamba mwuzaji hatoi ahadi yo yote juu ya injini, wala mwendo, wala umri. Maneno hayo niliyaona. Nilijua maana ya kila neno peke yake, lakini maana ya yote pamoja sikuipata, na niliona haya kuuliza. Nikasema, "Ni sawa, Mjomba." Akatia sahihi. Nami nikatia yangu, kama shahidi.

Wiki ya tatu, karibu na Kikorongo, injini ilianza kutoa moshi wa buluu. Fundi wetu wa Bwera alipoifungua alitikisa kichwa: injini inakula oili, ringi zimekwisha. Ndipo akafanya jambo ambalo nataka wasomaji wote walishike. Alifungua mlango wa dereva, akapangusa vumbi kwenye ukingo wa bodi, pale mlango unapofungia. Palikuwa na kibandiko kidogo cha maandishi ya Kijapani. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua Kijapani, lakini tarakimu ni tarakimu. Pameandikwa H28, na mbele yake 171,300.

Vibandiko hivi hubandikwa na mafundi wa Japani wanapobadilisha oili, ili mwenye gari ajue lini arudi. Vingine viko ukingoni mwa mlango, vingine chini ya boneti. Herufi H ni enzi ya Heisei, iliyoanza mwaka wa 1989. Kwa hiyo ukiona H ongeza 1988 upate mwaka wetu. H28 ni 2016. Enzi hiyo ilikwisha Aprili 2019, na tangu Mei 2019 wako katika enzi ya Reiwa, ambayo huandikwa R. Hapo ongeza 2018. Basi, motokaa ya mjomba mwaka wa 2016 ilikuwa imekwisha kwenda kilomita 171,300, na mwaka wa 2019 ikauzwa kwetu na kilomita 68,000. Motokaa haziendi kinyumenyume.

Vipimo vya siku hizi ni vya umeme, na mtu mwenye mashine yake hukirudisha kipimo nyuma kwa dakika chache, bila kufungua msumari hata mmoja. Wala si ujanja wa Afrika peke yake. Marekani uovu huu ulienea hata mwaka wa 1972 serikali yao ikatunga sheria ya nchi nzima ya kuukataza. Wauzaji wengi husahau kibandiko. Husahau pia raba ya pedeli ya breki: motokaa ya kilomita 68,000 haiwi na pedeli iliyolika hata chuma kikaonekana. Ya mjomba ilikuwa hivyo, na mimi niliiona siku ile ile nikadhani ni kawaida.

Sasa tuingie katika sheria.

Wengi husema, "Mnunuzi na ajihadhari, ukishatia sahihi umekwisha." Maneno hayo yana ukweli wa nusu. Sheria yetu ya kuuza bidhaa, iliyopitishwa na Bunge la Uganda mwaka wa 2017 mahali pa ile ya zamani iliyoigwa ya Waingereza ya 1893, inasema kwamba mtu ambaye kuuza ndiyo kazi yake anauza pia ahadi ambazo hakuzitamka: kwamba mali ni yake kuiuza, kwamba inafanana na sifa alizoieleza, kwamba inafaa kazi yake. Lakini huwezi kudai kwa ubovu ulioonyeshwa kabla ya kununua, wala kwa ubovu ambao, kama uliikagua mali, ukaguzi ule ungekuonyesha. Hapa wanafunzi wa sheria hupenda kubishana, kwa maana yaonekana aliyetazama ovyo ovyo yu katika hali mbaya kuliko asiyetazama kabisa! Nami sijapata kusikia jibu lililoniridhisha.

Iko pia sheria ya mapatano ya mwaka wa 2010. Inataka mapatano ya zaidi ya shilingi 500,000 yaandikwe. Tena inasema kwamba ridhaa iliyopatikana kwa hila au kwa maelezo ya uongo si ridhaa kamili, na yule aliyedanganywa aweza kuyavunja mapatano. Angalia neno maelezo. Mwuzaji akisema "gari hili ni zuri, utafurahi," hiyo ni sifa ya sokoni, na hakimu hataisikiliza. Akisema "limekwenda kilomita 68,000," huo si wimbo wa kusifu, ni jambo lenye ukweli au uongo, na linapimika.

Kesi mbili za Uingereza zinaonyesha mpaka wake, na mahakimu wetu huzisoma kwa kuwa sheria yetu ina mizizi huko. Ya kwanza, iliyoandikwa katika vitabu vya sheria vya 1957, ni ya Oscar Chess na Williams. Williams, mtu wa kawaida, aliwapa wenye duka la magari Morris yake kuwa sehemu ya bei ya motokaa mpya. Alisema ni ya mwaka wa 1948, kwa sababu kadi yake ilisema hivyo, nao wakaihesabu pauni 290. Kumbe ilikuwa ya 1939, na kadi iliharibiwa na mtu mwingine kabla yake. Wenye duka walidai wakashindwa: Williams alisema alichokisoma tu, na wao ndio wajuzi wa magari. Ya pili ni ya mwaka wa 1965. Hapo mwuzaji mwenye duka, Harold Smith, alimwambia mnunuzi kwamba Bentley ile imekwenda maili 20,000 tu tangu itiwe injini nyingine. Kweli ilikuwa karibu maili 100,000. Safari hii mwuzaji alishindwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na njia ya kujua historia ya motokaa, na neno lake likahesabiwa kuwa ahadi ndani ya mapatano ingawa lilikuwa la mdomo. Basi swali si nini kilisemwa tu, bali pia nani alisema, na ni nani aliyeweza kujua.

Na yale maneno ya "kama ilivyoonwa" je? Mwaka wa 1956 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza habari ya mtu jina lake Wallis. Alitazama motokaa ya Buick, akaiona nzima, akakubali kuichukua kwa malipo ya kidogo kidogo. Usiku mmoja ikavutwa kwa kamba ikaachwa nje kwake: redio imetolewa, tairi zimebadilishwa, injini imevunjika ndani, haiwezi kwenda hata hatua moja. Karatasi yake ilisema kwamba hakuna ahadi yo yote juu ya hali ya gari. Majaji walisema karatasi ya namna hiyo haimfichi mtu aliyekuletea kitu kisicho kile mlichopatana. Majaji wa baadaye walilipunguza neno hilo nguvu kidogo, lakini jambo moja halijabadilika: maneno madogo ya ukurasa wa pili hayamsafishi mtu aliyedanganya kwa makusudi.

Turudi kwa mjomba. Kwanza alirudi kwenye bondi kwa upole, akaambiwa kwamba motokaa ni chuma, na chuma huharibika. Mara ya pili hawakumpa soda. Watu wengine walimshauri aende polisi, maana kupata fedha za mtu kwa maelezo ya uongo ni kosa la jinai, na kifungo chake chaweza kufika miaka 5. Lakini mjomba alisema, "Mimi nataka injini, sitaki mtu afungwe." Basi tukaenda kwenye madai madogo. Tangu 2011 kuna kanuni kwamba deni lisilozidi shilingi milioni 10 lasikilizwa na hakimu kwa njia nyepesi, na mawakili hawaruhusiwi kusimama. Kila mtu hujisemea. Kwanza unampelekea mdaiwa barua ya madai, unampa siku 14. Mjomba hakudai bei yote ya motokaa, kwa maana ingepita kiasi hicho. Alidai gharama ya injini na kazi ya fundi na siku alizokosa abiria, jumla milioni 6 na laki 2.

Mbele ya hakimu mwuzaji alisema hakutaja kilomita. Mzee alitazama mwenyewe akaridhika. Hapo mjomba akatoa simu yake ndogo. Kabla hatujatoka Bwera mwuzaji alimpelekea ujumbe: Premio 2004, kilomita 68,000, safi, njoo upesi. Mjomba hakuufuta, si kwa akili ya sheria, bali kwa kuwa hakujua kufuta ujumbe. Sheria ya mwaka wa 2011 juu ya mambo ya elektroniki inakubali ujumbe kama huo uwe ushahidi. Fundi alileta picha ya kibandiko. Hakimu alimwuliza mwuzaji, "Kama hukujua kilomita zake, kwa nini ulizitaja?" Akanyamaza.

Halafu mwuzaji akasema neno lililonichoma. "Mheshimiwa, karatasi alisomewa. Mpwa wake yule pale, msomi, ndiye shahidi."

Nikaitwa. Nikaulizwa kama nilimsomea mjomba karatasi. Ningaliweza kusema sikupewa nafasi, na nadhani mjomba angalifurahi niseme hivyo. Lakini nilipewa nafasi. Nikasema: "Niliisoma mwenyewe kwa macho. Yeye sikumsomea. Maneno ya ukurasa wa pili sikuyaelewa, nami sikumwambia kwamba sikuyaelewa." Niliona mjomba akiangalia chini. Alikuwa hajui hata siku ile. Mwaka mzima wa taabu alidhani mpwa wake alisoma yote, na kwamba tulidanganywa wote wawili sawasawa.

Iko sheria moja ya siku za ukoloni, ingali inatumika Uganda, ya kuwalinda watu wasiojua kusoma. Wengi hudhani ni ya wazee wanaopiga dole gumba tu. Sivyo. Kwa sheria hiyo, asiyejua kusoma ni mtu asiyeweza kusoma na kuielewa lugha ile ambayo karatasi imeandikwa. Mjomba wangu husoma Biblia ya Lhukonzo kanisani, tena kwa sauti nzuri. Lakini mbele ya karatasi ya Kiingereza yeye ni mtu wa sheria hiyo. Na yule anayemwandikia mtu kama huyo karatasi hana budi kuandika humo jina lake kamili na mahali akaapo, kuwa alama kwamba mwenyewe alisomewa akaelezwa. Karatasi yetu haikuwa na kitu kama hicho. Hakimu aliligusa jambo hilo, akawapa nafasi watoke nje wakazungumze. Waliporudi walikuwa wamepatana: milioni 4 na nusu, kwa mafungu mawili. Fungu la pili lilichelewa miezi miwili, lakini lilikuja. Kwa hiyo mjomba hakupata yote, na kijana aliyetumaini kuonekana msomi alirudi Bwera amekaa kiti cha nyuma, kimya, mpaka Kinyamaseke. Hapo mjomba akaninunulia ndizi, akasema, "Siku nyingine useme: Mjomba, hapa sielewi."

Motokaa ile ingali njiani na injini yake ya pili.

Kabla ya kumaliza, sisi tunaokaa mpakani tuna hatari moja ambayo watu wa Kampala hawaijui sana. Magari mengi hupita kwetu yakienda Kongo kwa njia ya Mpondwe na Kasindi. Yakipita hivyo hayalipi ushuru wa Uganda, kwa kuwa ni ya safari tu. Mara kwa mara moja halifiki ng'ambo ya Lhubiriha, linauzwa huku kwa bei ya kuvutia, na mwuzaji anaapa kwamba "kodi imelipwa." Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2004 hairuhusu mtu kukaa na mali isiyolipiwa ushuru. Watu wa mapato wakilikuta gari hilo, watalichukua kutoka kwako wewe uliye na ufunguo, hata kama ulilipa kila senti kwa moyo safi. Kwa hiyo usikubali karatasi za ushuru za kuonyeshwa mkononi. Namba ya bodi iangaliwe katika ofisi ya serikali kabla fedha hazijahesabiwa. Tena tangu 2018 magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa hayaruhusiwi kuingizwa Uganda, na hapo pia wengine wamepata sababu ya kusema uongo juu ya umri.

Na ukinyang'anywa gari kwa kuwa lilikuwa la wizi? Mwaka wa 1923, katika kesi ya Rowland na Divall, mahakama ya Uingereza ilisema mnunuzi arudishiwe bei yote, pauni 334, ingawa gari lilikwisha tumiwa karibu miezi minne, kwa sababu mwuzaji aliuza kisicho chake. Hukumu nzuri sana. Lakini kwanza lazima umpate mwuzaji, na yule wa mpakani mara nyingi simu yake imekwisha zimwa.

Mwalimu ametaka maswali, basi haya hapa. Kibandiko cha mlangoni kinasema H19 na kilomita 92,000, na kipimo cha mbele ya dereva kinasema 60,000: ni mwaka gani huo, na utamwambia nini mwuzaji? Mwuzaji mmoja asema, "Breki nilizibadilisha mwezi uliopita," na mwingine, "Kasese nzima hutaona motokaa kama hii": maneno ya nani yaweza kumfikisha mbele ya hakimu? Mwalimu mstaafu wa kijijini kwenu auza gari lake, ataja umri aliousoma katika kadi, kumbe kadi ni ya uongo: je, yeye ni Williams au ni Smith? Majibu yapelekwe kwa mwalimu wa Kiswahili, na yale yaliyo bora yatachapishwa katika gazeti lijalo.